Ndege Uliyokatazwa Kupanda

Mume wangu, Baba Neema,

Kamwene. Nakuandikia kwa Kiswahili tulichofundishwa kwenye benchi moja pale shule ya misheni, kwa sababu Kibena najua kukisema na kukililia tu, kukiandika sijui. Mama yako yuko uani anapura maharage. Neema amekwenda na shangazi yake kuchuma pareto. Mimi nimebaki ndani na jambo ambalo sina mtu wa kumwambia, maana wote wanaoweza kunisikiliza wanadhani nimefarijika. Ni wewe tu usiyeweza kunipongeza.

Unakumbuka uliporudi mara ya kwanza kutoka machimbo ya dhahabu ya kusini? Uani kulijaa watu mpaka mbuzi wakakosa pa kupita. Hawakuuliza habari za dhahabu. Waliuliza habari za ndege, kwa kuwa ndiyo iliyokuchukueni Mbeya na kukurudisheni Mbeya. Ulisimama na kofia yako mpya, ukawaambia kwamba umeliona Ziwa Nyasa lote kwa mara moja, ng'ambo hii na ng'ambo ile, na kwamba mawingu ukiwa juu yake hayana kitu, ni kama sufu iliyomwagwa. Wazee walicheka wakasema uongo wa safari hauna kodi. Mimi nilingoja waondoke, nikakuuliza, "Hukuogopa?"

"Niliogopa," ukaniambia. "Niliogopa kutapika mbele ya Wanyakyusa."

Nilicheka siku ile mpaka nikakaa chini. Nakueleza haya kwanza ili ujue kwamba sikuichukia ndege tangu mwanzo, kama ndugu yako Zakaria anavyosema. Niliipenda. Ilikuwa inakuleta nyumbani.

Mara ya pili ulirudi umekonda, na kikohozi kilikutangulia njiani. Nilikisikia nikiwa bado shambani. Ulikuwa umeacha kulala chali. Ulilala umeketi, umeegemea ukuta, na blanketi mbili mabegani. Ulisema ni baridi ya Njombe, umelizoea joto la chini ya ardhi, kikohozi kitapita. Hakikupita. Ndipo siku moja ukaniambia habari za safari ya kurudi, wewe na Sanga, yule Mkinga wa upande wa Tandala mliyekuwa mkichimba pamoja na kumeza vumbi moja. Mlikuwa mmeketi bega kwa bega ndani ya ndege. Ilipozidi kupanda, ukaona kucha za Sanga zimegeuka rangi, kama za mtu aliyeshinda anakamua zambarau. Ukataka kumcheka. Ukatazama za kwako, zikawa vilevile.

"Hewa ilikuwepo, Mama Neema," uliniambia. "Naivuta, inaingia, lakini hainishibishi. Kama kula ugali wa maji."

Nilikupeleka hospitali ya misheni kesho yake. Unamkumbuka Mama Daktari, jinsi alivyokupiga kifuani kwa vidole viwili, akisikiliza, akihama, akisikiliza tena, kama mtu anayetafuta mahali pa kupigilia msumari? Alisema vumbi la mawe limekaa katika mapafu yote mawili na halitatoka. Tena juu ya vumbi kuna kifua kikuu, na kimelishika zaidi pafu la kushoto. Dawa ya vumbi hana. Kwa kifua kikuu atalipumzisha pafu la kushoto: atatia hewa kwa sindano katikati ya mbavu, nje ya pafu, hewa ile ilibane pafu lisinyae na kutulia, kama mguu uliovunjika unavyofungwa usitembee. Ulinitazama, nikakutazama. Mtu aliyekosa hewa anatiwa hewa mahali pasipo pake. Lakini ulivua shati.

Na ulipata nafuu, tusimdhulumu mwanamke yule. Kila ulipokwenda kuongezewa hewa yako ulirudi ukitania kwamba wewe sasa ni gurudumu la baiskeli. Ulinenepa mashavu. Ulimbeba Neema kwenda kanisani na kurudi. Msimu ule ulipanda viazi kwa mkono wako mwenyewe, mstari mmoja kwa siku, ukipumzika juu ya jembe, na mimi nikijifanya sioni unavyopumzika.

Kisha mvua zikaanza na pafu la kulia nalo likaanza. Mama Daktari alisema amefika mwisho wa vyombo vyake. Pwani, Dar es Salaam, iko hospitali yenye wapasuaji na mashine za kuona ndani ya kifua, na isitoshe kule chini hewa yenyewe ni nzito zaidi kuliko hii yetu ya milimani. Ungevuta kidogo ukapata nyingi. "Aende," alisema, "na aende upesi."

Ndipo Mchungaji alipokwenda bomani kukuombea. Kulikuwa na ndege ndogo ya serikali iliyoleta wapimaji wa ardhi, ingerudi pwani na viti vitupu. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akakubali: viti viwili, kimoja chako, kimoja cha Sanga, ambaye naye alikuwa amelala hospitali hiyohiyo na kifua chake. Ulipoletewa habari uliniomba maji ya moto, ukanyoa ndevu. Sijawahi kumwona mtu akinyoa ndevu kwa furaha namna ile, huku akisimama kila baada ya mkwaruzo mmoja ili apumue. Mama yako alipiga magoti palepale jikoni akashukuru. Zakaria alikuwa amekwisha kuanza kuwaambia majirani.

Mama Daktari alikuja mwenyewe kwa miguu, koti limelowa, kabla hujamaliza kufunga mzigo. Hakuketi.

"Nikodemu, mimi sikuulizwa habari za ndege," alisema. "Ningeulizwa ningesema hapana. Sanga anaweza kujaribu. Wewe huwezi."

"Tunaumwa ugonjwa mmoja," ukamwambia.

"Ugonjwa mmoja, lakini vifua viwili. Cha kwako mimi nimetia hewa. Unakijua kibofu cha ng'ombe ambacho watoto hukipuliza wakacheza mpira? Ukikifunga hapa chini, kisha ukakipandisha juu sana angani, hewa iliyomo inavimba yenyewe, hakuna aliyeiongeza. Kibofu kinakaza. Ndege ile haina namna ya kuwafungia hewa ya chini humo ndani. Ikipanda, na ninyi mmepanda. Hewa niliyokutia itavimba, na kifuani mwako haina pa kwenda ila kulisukuma pafu lililobaki, na moyo. Na hilo lililobaki ni bovu, nalo huko juu litakuwa linatafuta hewa ambayo ni chache. Utabanwa ndani na utakosa nje. Mimi sitakuwepo, wala rubani hana sindano."

"Basi itoe," akasema Zakaria. "Umeitia wewe, itoe!"

"Nikiitoa yote kwa mara moja, pafu linafunguka na ugonjwa uliolala unaamka, tena kwa mwendo. Mwili ungeinywa wenyewe polepole kwa majuma mengi. Majuma hayo hana."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo barabara."

Zakaria alicheka kicheko kibaya. Mvua ilikuwa inasikika juu ya bati, kila mtu mle ndani alijua barabara ya Iringa inavyokuwa mwezi ule. Mama yako alimshika Mama Daktari mkono, akamwambia kwa Kibena maneno ambayo yule mama hakuyaelewa, na mimi sikuyatafsiri. Alikuwa anamwomba amwonee huruma mwanawe.

Uamuzi ulikuwa wako, Baba Neema, na hilo nimelisema mbele ya kila anayetaka kusikia. Uliketi juu ya mzigo wako. Kisha ukasema, "Kucha zangu nilishaziona huko juu, na wakati ule sikuwa na kitu kifuani. Tutafute lori."

Tulipata lori la magunia ya pareto kavu. Dereva alikuweka mbele karibu naye ili vumbi la maua lisikufikie, mimi na Zakaria tukapanda juu ya magunia. Tulifika Makambako tumeganda. Upepo wa pale unaujua, unapita katika nguo kana kwamba hukuvaa. Pale njia panda malori yalikuwa yamesimama, moja nyuma ya jingine, na madereva wamejikunyata chini ya maturubai. Mto ulikuwa umechukua daraja upande wa Iringa. Lini litatengenezwa? Hakuna aliyejua. Mhindi mwenye duka alitupa nafasi katika ghala lake la mahindi. Alikutazama mara moja tu, akaenda kuleta jiko la mkaa. Kisha akakumbuka kifua chako, akalitoa nje moshi wake upungue kwanza, akalirudisha.

Hapo ndipo ulipokuwa huwezi tena kuegemea ukuta, kwa kuwa ukuta ulikuwa baridi na kila ulipoteleza ulikosa pumzi. Nikakaa nyuma yako, mgongo kwa mgongo, na tukakaa hivyo, mchana na usiku, nikihesabu pumzi zako kwa uti wa mgongo wangu. Nilizisikia zikiingia. Nilizisikia zikifika mahali na kugota. Sikuweza kukuona uso. Mpaka leo nikitaka kukukumbuka siku zile nakukumbuka kwa mgongo.

Ulizungumza kidogo kidogo. Uliuliza kama Neema ameshonewa koti. Uliniambia viazi vya upande wa mtoni vichimbwe kwanza. Na mara moja, ghafla, kwa sauti yako ya zamani kabisa, ukasema, "Sitaki kufia Makambako, Mama Neema. Hapa ni mahali pa kupita tu."

"Hufi," nikakujibu. Ningekwambia nini?

Zakaria alikuwa anatoka na kuingia. Alikwenda mpaka mtoni akarudi na matope magotini. Alisema wamelaza miti, wamelaza mawe, maji yamechukua vyote. Alisema tuligeuze lori turudi Njombe, ndege haijaondoka, mawingu yameizuia, bado kiti kipo. "Shemeji, sema neno," aliniambia. "Wewe anakusikia. Unataka afe kwa ajili ya maneno ya mtu mmoja?" Nikamwambia, "Muulize mwenyewe." Akakuuliza. Ukatikisa kichwa, nilikusikia ukikitikisa.

Asubuhi moja mawingu yalifunguka. Tukaisikia kabla ya kuiona, sauti kama ya nyuki ndani ya mtungi. Zakaria alikimbia nje. Alisimama katikati ya barabara mikono kichwani, akapiga kelele, "Ile pale! Kaka, ile pale! Kiti chako kinapita!" Madereva wakatoka kumtazama. Mlango wa ghala ulikuwa wazi na wewe ulikuwa umeuelekea, mimi nilikuwa nimeelekea magunia. Wewe uliiona, mimi sikuiona. Nilisikia tu mgongo wako ukinyooka.

"Sanga huyo," ulisema. "Mungu amfikishe."

Kesho yake, jua likiwa limetoka na watu mtoni wakiimba kwa kuvuta gogo, ulikohoa mara moja kikohozi kisichofanana na vingine. Damu ilikuja nyingi. Nikageuka nikakukumbatia kwa mbele, na hapo nikauona uso wako, na ulikuwa unaniuliza jambo. Sikulijua ni jambo gani. Ukaisha ukiwa bado unauliza.

Dereva wa pareto alishusha mzigo wake wote palepale kwa Mhindi na kutupakia. Kwa turubai lake alikufunika wewe. Tulikuzika nyuma ya nyumba yetu, juu kidogo, mahali unapoonekana mlima.

Kisha zikaja habari: Sanga amefika. Sanga yuko hospitali ya pwani, amepigwa picha ya kifua, anakula. Mchungaji alizitangaza kanisani watu washukuru, na watu walishukuru, halafu wakageuza shingo kunitazama mimi. Unajua maneno ya watu wetu, hayapigwi usoni. Mama yako hakunigombeza hata siku moja. Alikuwa akikoroga ugali, anasimamisha mwiko, anasema peke yake, "Sanga alifika." Basi. Kisha anaendelea kukoroga. Zakaria aliacha kuniita shemeji. Akija humwita Neema nje, humpa alichomletea, na kuondoka.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Sikujitetea kwao. Walidhani ni kwa sababu ya aibu. Haikuwa aibu, Baba Neema. Ni kwamba na mimi nilianza kuamini kama wao, na nilipoamini nilipata mahali pa kwenda. Nikiwa shambani, nikiwa mtoni, niliichukua ile ndege mawazoni nikakuketisha ndani yake. Nilikufunga koti. Nilikupitisha juu ya milima, ukafika pwani, ukashuka ngazi, ukavuta ile hewa nzito, ikakushibisha. Niliwaona wauguzi. Nilikuona umelala chali, chali kabisa, kwa mara ya kwanza tangu urudi. Kuna siku nilikufikisha mpaka kwenye kupata barua yako. Nililia, nilijilaani, nilimlaani Mama Daktari, lakini wewe ulikuwa hai mahali fulani, mahali ambapo tungekupeleka. Kati ya uchungu wote nilionao huo ndio uliokuwa na wewe ndani.

Juma hili Sanga amekuja.

Alikuwa akipelekwa kwao na lori, akateremka Njombe kwa makusudi ya kutuona. Anatembea kwa fimbo. Aliketi uani kwetu, mama yako akamletea kiti chako, na Zakaria akaja mbio kutoka kwake, kwa kuwa alitaka kusikia kutoka kinywani mwa aliyepanda. Nadhani alitaka na mimi nisikie.

"Ndege ilibidi kupita juu ya mawingu," Sanga alisema. "Chini yake milima haionekani, rubani hawezi kushuka. Nilianza kuona giza pembeni mwa macho. Kucha zilikwenda, midomo ikaenda. Mpima ardhi mmoja aliyekuwa akirudi nami alinivua tai aliyonivalisha Mchungaji, akanishika kichwa nisidondoke. Sijui tulipita wapi. Nilipozinduka nilisikia joto, nikaona minazi. Walinitoa kwa machela."

"Lakini ulifika," Zakaria akasema.

"Nilifika. Kule madaktari waliniuliza kama nilikuwa nimetiwa hewa kifuani. Nikasema mimi hapana, mwenzangu ndiye, naye amekwenda kwa barabara. Yule mkubwa wao akasema, afadhali. Akasema angepanda na hewa ile kwa kimo tulichopita, asingefika." Akavuta pumzi zake mbili tatu, ndefu. Kisha akanigeukia mimi. "Mama Neema, mimi nilikuwa mle ndani. Sihitaji daktari aniambie. Mimi mwenye mapafu mawili mabovu nilirudi kutoka kwa wafu. Yeye alikuwa na moja, na kitu kinachovimba ubavuni. Angenifia mapajani kabla hatujavuka milima, na mimi nisingekuwa na fahamu hata za kumshika mkono."

Mama yako alijifunika uso kwa kanga. Zakaria alinyanyuka, akaja kupiga magoti mbele yangu, mtu mzima yule. "Shemeji," alisema, "nimekuonea. Nisamehe." Nikamwinua. Nikamwambia nimesamehe, na ni kweli. Mchungaji amesikia, amekuja kusali nasi. Majirani wameleta unga na maziwa. Wote wananiambia, sasa moyo wako utulie, hukuwa na njia nyingine, wala yeye hakuwa na njia nyingine.

Hakukuwa na njia nyingine. Wanalisema kama zawadi. Barabara ilikatika, na angani kulifungwa. Ungekwenda huku ungekufa, ungekwenda kule ungekufa, ungebaki nyumbani ungekufa. Nimejaribu jana na leo kukuketisha tena katika ile ndege, kama nilivyozoea, na haipandi. Nafika mawinguni nakuona unabanwa. Nafungua kola yako, haifai kitu. Nakurudisha chini, nakuta mto. Nimekwenda kila upande, Baba Neema, na kila upande nimekukuta umekufa.

Watu wa hapa watasema nilifiwa wakati wa mvua, pale Makambako. Mimi nimefiwa juma hili, hapa uani, na hakuna anayekuja kunipa pole, kwa kuwa wote wanaona nimetulia.

Namsikia Neema anarudi. Naweka kalamu chini nikampokee kikapu. Lala, mume wangu. Lala chali.

Mkeo,
Mama Neema